Chai Yenye Chumvi

Chuoni walituweka katika kozi mpya ya mazingira, watu wa idara mbalimbali: mmoja wa miamba, mmoja wa mimea, mmoja wa uchumi, na mimi niliyesomea jamii. Mhadhiri wetu alipenda kusema kwamba ukame haujui mipaka ya idara. Ukame haukuijua, lakini sisi tuliijua sana. Wa mimea hakugusa jiwe, wa miamba hakuuliza bei ya mbuzi, na tulichogombania zaidi ni nani aandike sura ya kwanza ya ripoti.

Mwaka wa pili, katika miaka ya themanini, tulipelekwa kusini mwa Kitui, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka Mutomo. Kwa wenzangu ilikuwa safari ya utafiti. Kwangu ilikuwa nyumbani. Mto wa kwetu ni mchanga mtupu karibu mwaka mzima, na anayetaka maji huchimba, kisha huteka kidogo kidogo kwa kata ya kibuyu. Kina mama wa mwethya, kikundi cha kusaidiana kazi ambamo mama yangu alikuwamo, walitaka kujenga ukuta wa mawe kukatiza mto, ili mchanga ujae nyuma yake na kushika maji. Sisi tuliombwa jambo moja tu: tuwaonyeshe mahali.

Tulipima wiki nzima. Wa miamba alidunga chuma chake mchangani huku na huko, hadi kwenye kona moja akapiga kelele.

"Hapa! Hapa jiwe iko karibu kabisa! Hii ukuta haiendi popote!"

Wa uchumi akafurahi kwa kuwa njia ya mikokoteni haikuwa mbali. Wa mimea akasema miti ya ukingoni haitadhurika. Kisha wote wakanigeukia.

Kona ile niliijua tangu utotoni. Ndipo tulipopeleka mbuzi wakalambe udongo mweupe wa ukingoni, na hakuna msichana aliyethubutu kurudi nyumbani na maji ya pale. Lakini ningeandika nini? Kwamba mbuzi wanapapenda? Wenzangu walikuwa na vipimo, mimi nilikuwa na mbuzi. Niliona haya, nasema wazi. Sikutaka kuwa msichana wa kijijini mbele yao. Mkataa kwao ni mtumwa, wanasema, na siku ile nilijiuza bila hata kuulizwa bei.

"Jamii haina pingamizi," nikasema. Jamii yenyewe sikuwa nimeiuliza.

Kesho yake kina mama wakaanza kubeba mawe kutoka kilimani, vyondo mgongoni, kamba zikiwakata kwenye paji la uso. Mama naye alibeba. Mara moja alitua mzigo karibu nami, akaniuliza kwa Kikamba, "Ni hapa kweli?"

Nikamjibu kwamba ndivyo vipimo vilivyosema. Akatikisa kichwa taratibu, akarudi kilimani.

Siku ya nne mhadhiri alikuja kuona kazi, na kina mama wakampikia chai ya maziwa. Alipiga funda moja, akameza kwa adabu. Wa miamba hakuwa na adabu hiyo. Alitema.

"Mama, umeweka chumvi badala ya sukari?"

"Sukari iko," mama akamjibu kwa Kiswahili chake. "Maji ndio ya hapo kwa mawe yenu."

Tukatazamana. Vitabu vyote vile, wiki nzima juani, na hakuna aliyeyaonja maji. Kila mmoja alidhani kuonja ni kazi ya idara nyingine. Wa miamba akasema maji si somo lake. Mhadhiri hakumjali, alinitazama mimi.

"Wewe si ni wa hapa?"

Nikainywa ile chai yote, maana sikujua la kufanya na mikono yangu.

Mawe yakahamishwa, moja baada ya jingine, hadi sehemu ya juu ya mto, mahali walipopachagua kina mama wenyewe. Jiwe la chini huko lilikuwa kwenye kina kirefu zaidi, kazi ikarefuka. Nikavaa kamba kichwani, nikabeba pamoja nao. Njiani nikamuuliza mama swali lililokuwa likinikera.

"Mwaitu, mlijua tangu siku ya kwanza. Mbona hamkusema?"

Mwaitu ni mama, kwetu. Hakusimama.

"Tungesemaje mbele ya wenzako? Ungeaibika. Tulikubaliana tubebe tu mpaka useme mwenyewe." Akaweka sawa kamba yake. "Siku ya nne migongo ikatushinda, tukapika chai."