Tiketi ya Kwenda Tu

Hildegardi Ndunguru alizaliwa mbishi. Mama yake, Tadea, husema hivyo mwenyewe, tena kwa kujivuna kidogo. Kwa hiyo siku alipowatangazia wenzake wa chumba cha kufulia kwamba anashukia Durban na melini harudi tena, hakuna aliyepoteza muda kumbembeleza. Walimtazama tu, mikono imejaa mashuka ya watalii, wakajua limekwisha.

Hildegardi ni mtu wa Litembo, huko milimani Mbinga, na kwa miaka kadhaa alikuwa akifua kwenye meli kubwa ya starehe, ile inayowazungusha wazee wa Ulaya kutoka kisiwa hadi kisiwa. Bahari yenyewe aliiona kwa kuibia, maana chumba cha kufulia kiko chini kabisa na hakina dirisha. Hakuichukia kazi. Ilimjengea mama yake nyumba ya bati na kumtibu nyonga iliyokuwa ikimsumbua. Lakini mwezi wa pili ulipokuwa unaisha, baba yake mdogo, mzee Hyasinti, alipiga simu, na mzee huyo si mtu wa kupiga simu kuuliza hali.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Shamba la kaka limekuwa msitu. Mama yako jembe haliwezi tena. Mwaka huu Othmar analitaka, na mimi sioni sababu ya kumnyima."

Othmar ni mtoto wa Hyasinti. Shamba ni mteremko mmoja mzuri ambao baba yake Hildegardi, aliyekufa bila mtoto wa kiume, alimwachia binti yake mbele ya ukoo mzima. Watu walinung'unika, wakanyamaza. Ila ardhi ya kule haimngoji mtu. Kila mwezi wa tatu wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari, miraba tupu mlima mzima, kisha wanawake huchimba katikati ya kila mraba na kuzifukia nyasi kwa udongo. Mashimo hayo ndiyo ngoro, na maharage hupandwa kwenye kingo zake. Mteremko usiochimbwa hubebwa na mvua, na majirani wa bondeni huletewa tope mpaka mlangoni.

"Nakuja kuchimba mwenyewe," Hildegardi alisema.

"Kama ulivyokuja mara ile?"

Hapo alimshika pabaya. Mara ile alikuja likizo, akachimba nusu, siku ya ndege ikafika, akaondoka. Nusu iliyobaki iliota magugu na haijaguswa tangu hapo.

"Sikiliza, mwanangu," mzee aliendelea. "Tunapanga nyasi Jumamosi ya pili ya Kwaresima. Kata tiketi, kisha nitumie niione. Nikikuta ina tarehe ya kurudi huko, usijisumbue kuja."

Mkataba wake ulikuwa haujaisha, na ukishuka kabla ya mkataba kwisha, kampuni haikujui. Nauli ni juu yako. Basi meli ilipotia nanga Durban, alibeba begi lake mpaka kwenye kituo cha mabaharia jirani na bandari, mahali penye intaneti ya bure na chai ya kujihudumia. Glorious, mwenzake wa kufulia kutoka Songea, alimsindikiza kwa kuwa alikuwa na saa chache za mapumziko na mdomo usioisha maneno.

Kwenye simu ya Hildegardi waliandika Durban, wakaandika Dar es Salaam, wakabonyeza kwenda tu. Bei iliyotokea ilimfanya Hildegardi acheke, kile kicheko cha mtu aliyekanyagwa kidole. Akabadilisha siku, akabadilisha shirika, akajaribu kupitia Nairobi, akajaribu kupitia Addis. Ilikuwa ileile, au mbaya zaidi. Akiilipa hiyo angefika Dar mkono mtupu, na kutoka Dar hadi Litembo bado ni safari nyingine nzima.

"Lete hapa," Glorious alisema. Akabonyeza kwenda na kurudi, na bei ikashuka karibu nusu.

"Umekosea."

"Sijakosea. Ndivyo walivyo hawa. Nunua hii, panda ya kwenda, ya kurudi itupe. Watu wote wanafanya."

"Baba mdogo anataka kuiona."

"Mkatie picha! Mtumie upande wa kwenda tu. Mzee wa Litembo atajuaje?"

Hildegardi aliichukua simu yake. Angeweza. Mzee asingejua hata siku moja. Aliyekuwa anamwogopa si mzee. Alikuwa anajiogopa mwenyewe. Alijijua vizuri. Akiwa na kiti kinachomsubiri angani, siku mgongo utakapouma na mvua kumpiga mlimani, angekikumbuka kile kiti, na jembe lingemponyoka mkononi kama mara ile. Hilo lilimuuma kuliko maneno yote ya Hyasinti.

"Sinunui ya kurudi," alisema. "Hata wakinipa bure."

"Basi lala hapa Durban," Glorious alisema, akaenda kumwaga chai iliyopoa.

Hildegardi akabaki na simu. Iliuliza tena, unakwenda wapi? Akaona upuuzi wake mwenyewe. Kila mara aliandika Dar es Salaam, kana kwamba kwao ni Dar. Kwao ni Litembo! Na ukipanda juu kabisa ya mlima wao asubuhi isiyo na ukungu, unachokiona si Dar; ni Ziwa Nyasa, na ng'ambo ya ziwa ni milima ya Malawi. Alifuta Dar, akaandika Lilongwe. Johannesburg hadi Lilongwe, kwenda tu. Lilikuwepo shirika dogo linalouza kila safari peke yake, halina habari na kurudi kwa mtu. Bei aliiweza.

"Glorious! Napita Malawi!"

"Mtanzania anakwenda kwao kwa kupitia Malawi?" Glorious alicheka mpaka akashika ukuta. "Wewe si mzima."

Alikata tiketi palepale, akamtumia mzee, akapanda basi la kwenda Johannesburg. Jibu lilimfikia akiwa foleni ya uwanja wa ndege: "Lilongwe siyo nyumbani. Nyasi ni Jumamosi."

Ndege haikumsumbua. Kilichomsumbua ni ziwa. Kutoka Lilongwe alipanda basi, akafika Nkhata Bay, bandari ya ziwani upande wa Malawi, amekaza roho, akaambiwa boti ya mizigo ya kwenda Mbamba Bay, upande wa Tanzania, haiondoki mpaka upepo utulie. Alikaa gatini juu ya begi lake, ng'ambo anaiona, kuvuka haiwezekani. Alilia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, kisha akaenda kumganda nahodha. Alimwuliza kila alipopita. Alimwuliza akila. Mwishowe mawimbi yalipungua, na nahodha akamwita wa kwanza kabla ya mzigo, nadhani ili apumzike na sauti yake. Walivuka juu ya marundo ya ndoo za plastiki, kila mtu akitapika isipokuwa yeye. Kutapika alikumalizia baharini zamani.

Mbamba Bay akagongewa muhuri, akapata gari la Mbinga, na Mbinga akadaka bodaboda. Ilikuwa Jumamosi, saa tisa alasiri, alipoingia shambani na viatu mkononi.

Alichokuta kilimsimamisha. Nusu ya juu ya mteremko ilikuwa imepangwa nyasi, miraba safi, tayari kwa jembe. Nusu ya chini ilikuwa imefyekwa tu, nyasi zimekusanywa marundo. Mama yake alikuwa amekaa kwenye mpaka, mguu wenye nyonga mbovu ameunyoosha. Wanaume wa ukoo walikuwa wanakusanya mafyekeo yao waende.

"Shikamoo, baba mdogo. Nimefika."

"Marahaba. Nimekupangia nusu," Hyasinti alisema. "Nusu ndiyo unayoiweza. Ya chini ni ya Othmar, ataipanga Jumatatu."

"Tiketi uliiona. Haina kurudi."

"Niliiona. Mtu aliyejua kutafuta njia mpya ya kuja hashindwi kutafuta njia mpya ya kuondoka."

Njia yote ile, kisha nusu! Hildegardi alitaka kumrushia mzee maneno mabaya, na alikuwa nayo mengi. Badala yake aliweka begi miguuni pa mama yake, akateremka nusu ya chini, akakumbatia fungu la nyasi na kuanza kulilaza.

Wanaume wakasimama. Kulaza nyasi si kazi ya mwanamke. Hata msichana mdogo wa Litembo anajua. Othmar akaangua kicheko.

"Dada, hivyo unapanga au unatandika kitanda cha Mzungu?"

"Mwacheni," Tadea alisema kutoka mpakani, na hakupandisha sauti.

Wakamwacha. Hildegardi alilaza mstari wa kwanza, akalaza wa pili, akajaribu kuikatiza kwa mwingine ili upatikane mraba. Mvua ilianza, nyepesi. Hakuna aliyekwenda kujikinga na hakuna aliyemsaidia. Nyasi zilimkata vidole, ukungu ukafunika nusu ya juu, naye aliendelea, akirudi kwenye rundo na kushuka, kurudi na kushuka, bila kumtazama mtu.

Alipoinua uso, Hyasinti alikuwa amesimama mbele yake, maji yanamtiririka kofiani. Mzee aliutazama ule mstari muda mrefu.

"Umepinda," alisema. "Maji yote yatapita hapa."

"Nitaunyoosha."

"Hujui kuunyoosha. Shika huko juu." Mzee akapiga goti kwenye tope, akaishika ncha ya chini, akavuta mpaka mstari ukakaa sawa na mlima. Kisha akageuka nyuma kwa hasira.

"Othmar! Usisimame hapo kama mgeni. Mletee dada yako nyasi."