Dakika Kumi na Nne za Cloonarra

Colman Mulvey alikuwa mtu wa vipimo. Ukimuuliza mvua imeanza lini, atakutajia saa na dakika, tena bila kutabasamu. Miaka thelathini na minane alifanya kazi kwenye ofisi ya maji ya kaunti, na kila jioni akifika nyumbani alitundika koti, akala viazi na kipande cha nyama akiwa amesimama palepale jikoni, kisha akaingia chumba cha nyuma kuendelea kujenga stesheni iliyofungwa tangu yeye mtoto.

Stesheni hiyo ni Cloonarra. Treni ya mwisho ilipita Jumamosi moja ya Machi mwaka 1963, reli zikang'olewa, na leo pale pana yadi ya mbao na mbwa mkali. Colman aliijenga upya juu ya mbao nne ndefu, kila kitu kikiwa kidogo mara sabini na sita kuliko kilivyokuwa: jengo la mawe, daraja la watembea kwa miguu, tangi la maji, hata kopo la rangi lililosahauliwa nyuma ya choo cha wanaume, kwa kuwa picha moja ya zamani ililionyesha. Chumba chenyewe kilikuwa cha mama yake. Mwezi mmoja baada ya mazishi alitoa kitanda na kuingiza mbao zake. Majirani walimsema sana, na walimwonea bure. Hana mke, hana mtoto, hana ndugu. Walitaka akitazame kitanda kitupu mpaka lini?

Kosa lake, kama ni kosa, lilikuwa kwenye reli. Reli za Ireland zina upana wa futi tano na inchi tatu, nazo treni ndogo za dukani hutengenezwa kwa kufuata upana wa nchi nyingine, mwembamba zaidi. Wenzake kwenye chama cha treni ndogo walifumba jicho. Walinunua injini zilizopakwa rangi za Kiirishi, wakaziweka kwenye reli nyembamba, wakafurahi, wakaziendesha hata kwenye reli za wenzao. Colman hakufumba jicho lolote. Alitandaza reli zake kwa upana wa kweli, akagongomea kila taruma kwa mkono, akachonga kila ekseli upya. Matokeo yake treni za watu hazikuweza kupita kwake, na za kwake hazikuweza kupita kwa watu.

"Umejenga kisiwa, Colman," Ignatius Fahy, katibu wa chama, mtu mnene mwenye mdomo usio na breki, alimwambia. "Huendi kwa mtu, na mtu haji kwako."

"Futi tano na inchi tatu," Colman alijibu.

"Siku ukifa tutakutafutia jeneza la futi tano na inchi tatu, tuone kama utaingia."

Watu walicheka, na Colman naye alicheka kidogo, kisha akaenda kuketi peke yake na chai yake.

Kila mwaka, mwishoni mwa Oktoba, chama hufanya maonyesho kwenye ukumbi wa parokia. Meza za wengine huzungukwa na watu. Treni zinakimbia, taa zinawaka, watoto wanapiga kelele. Meza ya Colman ilikuwa na shida yake. Yeye hakuendesha treni ovyo ovyo. Aliendesha siku moja tu, ile Jumamosi ya mwisho, kwa ratiba yake halisi na kwa saa ya ukutani. Treni ya mizigo asubuhi. Ya ng'ombe saa sita. Halafu, saa kumi na robo, treni ya mwisho ya abiria: injini nyeusi ya dizeli, mabehewa mawili, na behewa la gadi. Inaingia taratibu, inasimama kwenye jukwaa, na haiondoki mpaka dakika kumi na nne zipite. Hakuna kinachotikisika. Colman anasimama nyuma ya meza, mkono kwenye kirungu cha kuendeshea, macho kwenye saa.

"Imeharibika, eti?" mama mmoja alimuuliza mwaka juzi.

"Haijaharibika. Imechelewa."

"Mpaka lini?"

"Mpaka saa kumi na dakika ishirini na tisa."

Mama akamshika mwanawe mkono wakaenda meza nyingine. Dakika ya tano kwa kawaida hakubaki mtu.

Dakika hizo Colman hakuzitunga. Alizipata kwenye daftari la gadi, msimamizi wa treni ile, alilolinunua mnadani. Kwenye safu ya ucheleweshaji gadi aliandika: Cloonarra, dakika kumi na nne. Kwenye safu ya sababu: shughuli za stesheni. Basi. Shughuli gani? Colman aliuliza makumbusho, aliandikia wastaafu, alisoma magazeti ya mwezi ule yote. Hakuna aliyejua. Na lilimkereketa kuliko mambo mengine yote kwa sababu baba yake, Festus Mulvey, ndiye aliyekuwa mshika ishara wa Cloonarra, na ndiye aliyepanda treni ile na sanduku moja kwenda Coventry, Uingereza, asirudi tena. Colman alikuwa na miaka mitano na nusu. Siku ile alikuwa jikoni na mama yake, mlango umetiwa komeo, akipewa viazi amenye. Aliisikia treni ikiondoka, kwa maana wanareli walikuwa wameweka juu ya reli fataki za ukungu, zile za kuwaonya madereva, ili kuiaga, nazo zililipuka moja baada ya nyingine chini ya magurudumu. Alizihesabu. Zilikuwa sita.

"Baba yako alipanda bila hata kugeuza shingo," mama yake alimwambia siku hiyo, na miaka iliyofuata alimwambia tena, kila alipomwona amekaa kimya sana.

Kwa hiyo mtu akikwambia Colman alikuwa mwendawazimu wa treni, mkatalie. Kuna jambo moja tu alilotaka kujua, naye hakujua mlango wa kulipitia isipokuwa kwa kupima.

Mwaka huu, Jumapili ya maonyesho, saa kumi kasoro dakika chache, bibi mmoja aliyevaa koti la buluu alikuja polepole na fimbo, mpwa wake akimfuata nyuma. Aliinama juu ya stesheni, akavaa miwani. Kisha akanyoosha kidole.

"Huo mlango wangu."

Colman akamtazama. "Ofisi ya tiketi?"

"Nilikata tiketi pale miaka miwili. Mimi Attracta Noone. Baba yangu alikuwa mkuu wa stesheni. Na wewe ndiye mwenye barua za rangi, sivyo?"

Colman alihisi uso ukipata moto. Alikuwa amemwandikia barua tatu huko Leeds alikoolewa. Ya kwanza aliuliza rangi ya mlango. Ya pili, geti la barabarani lilikuwa na mbao ngapi. Ya tatu, kama saa ya jukwaani ilikuwa na namba za Kirumi. Zote tatu alijibiwa vizuri, kwa mwandiko wa shule ya masista.

"Kijani," alisema. "Kama ulivyoniandikia."

"Nimeona. Umeipata sawasawa. Nimerudi nyumbani mwezi wa sita, mume wangu amefariki. Nikasema nije nimwone huyu kijana wa mbao za geti."

Ilitimu saa kumi na robo. Treni ndogo ikaingia, ikasimama. Mpwa akatazama simu yake. Bibi Attracta alisubiri, akasubiri, akaegemea fimbo yake.

"Mbona haiendi?"

"Ilichelewa dakika kumi na nne. Nina daftari la gadi."

"Ameandika nini?"

"Shughuli za stesheni."

Bibi akacheka mpaka akashika ukingo wa meza. "Shughuli za stesheni! Mungu amrehemu. Alikuwa mtu mwema yule gadi." Kisha akaacha kucheka, akamtazama Colman vizuri. "Kumbe hujui."

"Hakuna aliyeandika."

"Nani alikwambia yataandikwa? Umeniletea barua tatu, Colman Mulvey. Umeniuliza mlango, umeniuliza geti, umeniuliza saa. Hujaniuliza baba yako."

Colman alikuwa na jibu, lakini halikuwa la kumwambia mgeni: kwamba aliogopa. Rangi ya mlango haiwezi kukuumiza.

"Basi niulize sasa," alisema bibi.

"Treni ilichelewa kwa nini?"

"Hilo siyo swali, lakini haya. Unaijua fimbo ya njia?"

Colman aliijua. Alikuwa amechonga moja kwa shaba, ndogo kama kijiti cha kibiriti. Njia ilikuwa moja, na dereva hakuruhusiwa kusogea hata hatua bila kukabidhiwa fimbo ile ya chuma na mshika ishara.

"Baba yako aliishika mkononi hivi," bibi akainua fimbo yake ya kutembelea, "akaenda kusimama hapa getini, akitazama barabara ya kwenu. Watu wameshapanda. Kuna mtu analia, kuna mtu ana akodioni. Dereva akapiga honi. Festus kimya. Dereva akatoa kichwa, 'Mulvey, lete hiyo fimbo, punda we, mimi nina mke ananisubiri Sligo!' Na baba yako akajibu bila kugeuka. Nilikuwa karibu naye, kama wewe na mimi hapa. Akasema, 'Mtoto anakuja. Miguu yake mifupi. Mpeni muda.'"

Colman alishika kirungu cha kuendeshea, hakukizungusha.

"Alikuwa amepatana na mama yako kwamba akulete stesheni mwagane. Nasi sote tukatazama barabara. Baba yangu, ambaye hakuwahi kuchelewesha treni hata kwa askofu, alitia saa yake mfukoni akawapa wote mgongo. Yule gadi akaanza kupanga mifuko ambayo ilikwisha pangwa. Dakika kumi na nne, basi, kama ulivyosema. Sikuzihesabu. Mwisho baba yangu akamgusa bega. Festus akatoa fimbo, akapanda behewa la nyuma, akachungulia dirishani akitazama barabara mpaka kona ya mlima ikamficha."

"Aligeuka," Colman alisema.

"Hakugeuka, alikuwa ameshageukia huko huko. Wewe ulikuwa wapi?"

"Namenya viazi."

Kwenye meza ya jirani watoto walishangilia kitu. "Usimchukie mama yako," Bibi Attracta alisema. "Mimi sijui yaliyokuwa ndani ya nyumba ile, na wewe ulikuwa mdogo mno kuyajua. Labda alidhani mume akikosa kukuona atashuka."

Colman hakulifikiria hilo hata siku moja. Alimwona mama yake na komeo la mlango, na kwa mara ya kwanza akaona kwamba na yeye alikuwa akisikiliza, akisubiri nyayo kwenye njia, mpaka zile fataki sita zikalipuka. Alitamani kumuuliza. Alitamani sana, na chumba chake sasa kilikuwa kimejaa mbao.

"Shangazi, gari," mpwa alisema.

Bibi akamshika Colman mkono, mkono mkavu wenye baridi, akamwambia stesheni ni nzuri, kila kitu kipo isipokuwa watu. Akaondoka taratibu, na fimbo yake ikasikika mpaka mlangoni.

Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi na dakika ishirini na tisa. Ikaonyesha thelathini. Ikaonyesha arobaini. Injini nyeusi ilisimama kwenye jukwaa la Cloonarra na Colman hakuiruhusu. Ignatius alipita na sanduku lake kifuani, akasema, "Mulvey, saa yako imekufa?" Colman hakumsikia, na Ignatius, kwa mara moja maishani, akajipitia bila kuongeza neno. Meza moja moja zikafungwa. Colman alitaka kumwambia mtu. Aliwapitia wote kichwani, mmoja mmoja, kama mtu anayepekua mifuko akitafuta ufunguo, na hakumpata. Wale ambao lingewahusu walikuwa makaburini, mmoja Coventry na mwingine nyuma ya kanisa hili hili.

Akabaki na Jolanta, mama wa Kipolandi anayetunza ukumbi, aliyekuwa akipanga viti na kuvisukuma ukutani. Alikuwa na miaka miwili tu pale mjini, hakujua habari ya mtu.

"Bwana Colman, nafunga sasa."

"Alinisubiri," Colman alisema.

"Nani?"

"Baba yangu. Kumbe alinisubiri." Machozi yakamtoka waziwazi, akayaacha yatoke. "Ananisubiri, na mimi siendi."

Jolanta alikuwa amebeba kiti kila mkono, na maneno aliyapata nusu nusu. Alitazama dirishani, mvua ilikuwa imeshaanza kupiga vioo.

"Yesu wangu, mzee wa watu, na mvua hii!" alisema. "Mwambie aingie ndani basi."

Na Colman Mulvey, mtu wa miaka sitini na sita, akageuka kuutazama mlango.