Mtoto wa Kizungu Uani Kwetu

Ndugu yangu, wewe unanijua, mimi si mtu wa kupokea simu za watu nisiowafahamu. Lakini mwaka ule wa korona tulipofungiwa ndani hapa ughaibuni, mtaani St Marys, helikopta ya polisi ikizunguka juu ya mapaa kana kwamba mtaa mzima tumeiba, mtu unapokea simu yoyote. Nilikuwa jikoni, watoto wangu wakiwa mezani na kompyuta zao za shule. Bibi yangu, aliyenilea, alikuwa na wiki chache tu kaburini kule Mara, na mimi sikumzika. Mipaka ilikuwa imefungwa. Mazishi niliyatazama kwenye simu, na picha ikakatika jeneza likiwa bado juu.

Aliyepiga alikuwa mama mmoja Mmarekani, Mmenoniti kwa dhehebu, kama nilivyolelewa mimi. Namba yangu alipewa na mchungaji wa nyumbani. Alisema anatafuta ukoo wake, kisha akanimwagia wote bila kuombwa: mababu zake walifukuzwa Uswisi kwa sababu walikataa kushika silaha na kubatiza watoto wachanga, wakafuata mto mpaka baharini, wakapanda meli, wakaenda kulima Pennsylvania. Huko ndiko walikotoka babu na bibi yake walipokuja kwetu kuhubiri. Alisimulia kwa furaha, kama anahadithia harusi. Ukoo wote ameshaujaza, alisema, kabaki mtu mmoja tu: shangazi yake, aliyekufa mdogo kwa malaria akazikwa kwetu. Je, ninajua kaburi liko wapi?

Kama ninajua! Kaburi lile nililichukia kabla sijajua kusoma.

Lilikuwa uani kwetu, nyuma ya jiko. Wamisionari wale walijenga kwenye kiwanja walichoazimwa na watu wa kwetu, na mtoto alipokufa walimzika hapo hapo. Msimu ule ule wakafungasha wakarudi Amerika. Nyumba ililiwa na mvua na mchwa, kiwanja kikarudi mikononi mwa bibi, na kaburi likaja pamoja nacho. Bibi ndiye aliyekuwa yaya wa yule mtoto. Babu mwenyewe alikuwa ameshakwenda migodini, akaoa huko na akazikwa huko, kwa hiyo uani kwetu hapakuwa na mfu mwingine.

Kila Jumamosi, wenzangu waliposhuka ziwani na ndoo zao kuchota maji, yaani kuogelea na kupigana matope, mimi nilibaki na fagio na kopo la chokaa. Nifagie majani, ning'oe magugu, nipake mawe yawe meupe. Nikimaliza, bibi anakuja kukagua huku akijifuta unga mikononi, na haachi kuona jani moja nililoliruka. Kicheko cha wenzangu nilikisikia mpaka pale nilipoinama.

Utaniuliza, kwa nini mimi? Kwa sababu ya jina. Kwetu mtoto mchanga akilia bila kunyamaza, wakubwa humtajia majina ya wafu, mmoja baada ya mwingine, na jina atakalolinyamazia ndilo lake. Mimi inasemekana nililia mpaka majina ya wafu wetu wote yakaisha. Bibi, kwa kuchoka, akataja la yule mtoto wa kizungu. Nikanyamaza, nikashika ziwa la mama. Basi, ikawa nimejifunga mwenyewe. Mwalimu akiita mahudhurio, darasa zima linageuka kunitazama na kucheka. "Mzungu wa mkaa" waliniita hadi nikamaliza shule. Nilipomlalamikia bibi alinijibu, "Nyamaza. Huyo hana mtu mwingine."

Sisemi kwamba hapakuwa na raha. Jumamosi hiyo hiyo bibi alioka mkate wa mdalasini aliofundishwa na yule mama mmisionari, kwenye sufuria yenye makaa chini na juu, na harufu yake ilifika njiani. Kesho yake kanisani tuliimba sauti nne bila kinanda wala ngoma, wanawake na vitambaa vyeupe kichwani, na sauti ya chini ya wanaume niliisikia kwenye benchi nililokalia. Na siku ya kutawadhana miguu, wanawake wawili wawili wakiinamiana na mabeseni, bibi alinikumbusha lile lile: wiki ya mwisho, mama wa yule mtoto alimtawadha yeye, akalia ndani ya beseni, akambusu, akamwambia, "Nitarudi." Hakurudi. Hata salamu hakuleta. Bibi hakuwahi kumsema vibaya. Mimi nilimsema kwa niaba yake, na mpaka leo sijamsamehe.

Sasa huyu mjukuu wao anafika kwenye jambo lenyewe. Familia imekubaliana, mipaka ikifunguliwa watakuja wafukue mifupa, waipeleke kwenye makaburi ya ukoo. "Tunataka arudi nyumbani," akasema.

Hapo nikapasuka. Nilimwambia nyumbani kwake ni pale. Nilimwambia jina la shangazi yake ninalo mimi, nimelibeba tangu kunyonya, na mawe ya kaburi lake nimeyapaka chokaa utoto wangu wote wakati wao wanakula mavuno Pennsylvania bila kuuliza. Wakristo gani hao? Binti yangu akainua macho kutoka kwenye kompyuta. "Mum, why are you yelling?" Nikamfukuza aende chumbani.

Yule mama hakukata simu. Aliuliza, polepole sana, "Na sasa ni nani anayemfagilia?"

Nilitaka kumtukana. Lakini mama yangu amehamia Mwanza kwa kaka yangu, magoti hayamchukui tena. Wajomba zangu wako Dar. Mlango wa bibi una kufuli, mkate ule hakuna aliyejifunza kuuoka, na mchungaji alishaniambia kwamba majani uani yamefika kiunoni.

"Hakuna," nikamjibu. "Bibi yangu tumemzika ubavuni pake, tumefunga mlango, tumeondoka. Kama ninyi." Kisha nikamuuliza, "Sasa ukimchukua huyo mtoto, bibi yangu atabaki na nani?"