Mtambuu Hukubali Mkono Mmoja

Niliacha skuli mapema kwa sababu nilitaka kuiona Tanga, ng'ambo ya bahari, si kuisoma. Badala yake nikakwama bondeni, chini ya Jadida, Wete, kwenye mitambuu ya bibi yangu. Ilikuwa miaka ya hamsini inaelekea sitini.

Kwetu watu waliamini kuwa mtambuu hukubali mkono mmoja. Ukichumwa na huyu na yule hununa, majani yakawa madogo na makali. Mkono huo alikuwa nao bibi, aliyenilea. Magoti yalipomkatalia kushuka bondeni, akanijaribu mimi. Majani yakaja mapana, laini, yakimetameta. Toka hapo nikawa nimefungwa.

Kila mwaka, masika yakikaribia, mitambuu huwa imekwisha panda msufini hata mkono haufiki, na shina la chini limebaki tupu kama kamba. Niliiteremsha taratibu, nikaliviringa shina tupu mguuni mwa mti, nikalifukia kwa udongo na samadi kongwe, kisha nikaifunga ncha upya kwa ugomba, kamba ya ganda kavu la mgomba. Shina likitoa mizizi mipya, mtambuu mkongwe huanza ujana tena. Nilipenda kufukua kidogo nichungulie mizizi inavyochomoza. Lakini kila nilipomaliza kufukia nilijua nimejifunga mwaka mwingine.

"Bibi, niache nikaione Tanga, nitarudi."

"Nenda. Mtambuu kauage mwenyewe."

Nikatafuta hila. Binti ami yangu, tuliyelelewa naye nyumba moja, nikamfundisha kuchuma kwa siri. Siku moja nikamletea bibi majani aliyoyachuma yeye. Bibi akapaka chokaa, akatia popoo, akatafuna bila haraka.

"Leo mkono wako umezidi," akasema.

Binti ami akacheka hata akapaliwa. "Mkono wangu huo, bibi! Kaka hata bondeni hakushuka."

Bibi akatema mate mekundu, akanitazama. "Haya. Kafunge nguo zako."

Nikaenda bandarini Wesha kuulizia chombo, nikapata. Niliporudi kuchukua nguo nikakuta viatu vya wageni mlangoni. Posa ya binti ami ilikuja kutoka kisiwani Fundo, na ami alikuwa keshaitikia.

"Wamtaka?" nilimwuliza binti ami uani.

"Namtaka. Usinune, kaka. Weye si mtambuu."

Siku aliyochukuliwa nilimbebea kasha lake mpaka pwani ya Wete. Juu ya kasha niliweka tambuu za kutafuna njiani, nilizozichuma mwenyewe. Mimi niliyekwisha uliza habari za kila bandari, hata Fundo sijawahi kufika. Yeye, ambaye hakuwahi kuuliza, akapanda mashua akaenda zake, na mkono wake.

Nilirudi nikamkuta bibi barazani. Mawingu ya masika yalikuwa yameshaanza kukusanyika.

"Umeshaiteremsha?"

"Bado, bibi."

Nikachukua ugomba wangu, nikashuka bondeni.