Maziwa na Mlio wa Mwanambuzi

Nilipoitwa Lodwar kwa semina, mwanangu mchanga nilimwacha Kakuma kwa jirani yangu, mama wa Kikongo aliyekuwa akinyonyesha pia. Sikutulia kitini asubuhi yote. Nilitazama simu, nikatoka nje, nikarudi, na maneno ya mwalimu yakanipita.

Mchana mwanambuzi akalia nje ya dirisha, akimtafuta mama yake. Papo hapo matiti yakanichoma na gauni likalowa. Nikajifunika leso, nikatoka.

Muuguzi mmoja tuliyekuwa naye kwenye semina akanifuata.

"Usione aibu, dada," alisema. "Chini ya ubongo kuna tezi, ndogo kama punje ya haragwe. Ubongo ukipata habari kwamba mtoto analia, tezi hiyo inamwaga homoni kwenye damu. Homoni ikifika kifuani, tezi za maziwa zinabanwa, maziwa yanatoka."

"Lakini huyu ni mbuzi."

"Tezi haina macho. Inaletewa habari tu."

Nilicheka, kisha machozi yakanitoka. Sikurudi ukumbini. Nilipanda gari la kwanza la kwenda Kakuma, na kila liliposimama kuchukua abiria nilitamani kumkemea dereva.

Nilimkuta mwanangu amelala mgongoni mwa jirani, ameshiba maziwa yake.

"Mwache alale kwanza," aliniambia.

Nilikubali, ila kukaa sikuweza. Nilizunguka uani kifua kikiwa kizito, mpaka mtoto akafumbua macho mwenyewe.