Wajina wa Marehemu

Sajini Lazaro Akonaay wa Mbulumbulu alikuwa mtu wa fomu. Wengine hujaliwa kipaji cha kuimba. Yeye alijaliwa kujaza nafasi zilizoachwa wazi. Kikosini walivumisha kwamba hata barua ya posa kwa mkewe Sara aliipeleka katika nakala tatu, na mwenyewe hakuwahi kukanusha. Kwa hiyo mwili wa Koplo Lazaro Senteu, aliyeuawa akilinda amani ng'ambo ya mpaka, ulipofikishwa Arusha, mkuu wa kikosi hakuhangaika kutafuta wa kuusindikiza.

Isitoshe, hao wawili walikuwa wajina, tena marafiki wa kufa na kuzikana. Kambini Sajini aliitwa Lazaro Mkubwa, na Koplo Lazaro Mdogo. Walikula sahani moja miaka minne, na Mkubwa alikoroma hadi Mdogo akahamishia kitanda chake mlangoni.

Mkubwa aliondoka asubuhi na agizo moja: mzazi ataje jina kamili la marehemu, lilingane na la kwenye fomu, aweke dole gumba, ndipo akabidhiwe mwili. Jina lisipotajwa, mwili unarudi Arusha. Lazaro alijiapiza moyoni kwamba mwenzake harudi. Mtu amesafiri vya kutosha ndani ya sanduku, sasa aachwe apumzike kwao.

Walipita Karatu bila shida. Shida ndogo ilianzia kwenye lango la Ngorongoro, kwa karani mwenye daftari.

"Jina la marehemu?"

"Lazaro."

"Na la msindikizaji?"

"Lazaro."

"Afande, nimeuliza la msindikizaji."

"Ndiye mimi. Lazaro."

Karani akachungulia nyuma ya gari, ambako askari wanne walikaa kando ya jeneza lenye bendera. Akamtazama Sajini kuanzia kofia hadi buti, akagonga muhuri chapuchapu, hakuuliza la tatu. Dereva Raymond, Mnyaturu wa Singida asiyejua kunyamaza, alicheka kona zote za kupandia kreta. Lazaro alitazama ukungu dirishani, asione kinachochekesha.

Kwenye boma la Kimaasai la kina Senteu, mbele kidogo ya Endulen, watu walikuwa wamejaa. Askari waliteremsha jeneza. Lazaro akapiga saluti, akakunjua fomu, akakohoa, akatoa ile sauti yake ya gwaride.

"Tumemleta nyumbani Koplo Lazaro..."

Hakumaliza. Wanawake walijifunika nyuso kwa shuka. Wazee wakakohoa wote kwa pamoja. Mzee Mepukori Senteu, baba wa marehemu, akageuka akaanza kukagua ng'ombe wake. Nashipai, dada wa marehemu, mwalimu wa shule ya msingi, akamvuta Sajini mkono.

"Afande, kwetu jina la aliyekufa halitajwi. Unamtonesha mama kidonda."

"Samahani sana, dada. Sirudii. Anayetakiwa kulitaja ni baba."

"Hapo ndipo umeharibu kabisa."

Jasho lilimtoka Lazaro, na baridi ile ya Ngorongoro mnaijua. Akamsogelea mzee.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba."

"Mwanao aliitwa nani?"

"Ni mwanangu wa pili."

"Jina, mzee."

"Mrefu. Mguu wa kushoto ana kovu la moto."

"Nalijua hilo kovu, mzee. Ila hapa wanataka jina kamili."

"Hilo ndilo kamili," mzee akajibu, na watu wakaguna kumuunga mkono.

Lazaro akaisoma fomu upya, mbele na nyuma, akitafuta mahali pa kuandika kovu. Hapakuwepo. Kwa mara ya kwanza maishani mwake aliichukia karatasi. Aliliangalia jeneza, akafikiria kumgeuza rafiki yake na kurudi naye barabara ile ile.

Hapo ndipo Raymond aliposhuka garini na chupa mkononi, akapaza sauti: "Afande Lazaro! Maji yako haya hapa!"

Boma likataharuki. Bibi mmoja akabeba kigoda chake, akaondoka.

"Na wewe tena?" Nashipai akashangaa.

"Nilibatizwa hivyo, dada yangu. Sikukusudia."

Mzee Mepukori akaacha ng'ombe, akaja taratibu hadi wakatazamana uso kwa uso.

"Wewe ndiye yule anayekoroma?"

Askari wanne wakainamisha vichwa kuficha meno.

"Ndiye mimi, mzee."

"Uliyemaliza maharage ukasingizia panya?"

"Ndiye mimi."

"Alinipigia simu akasema, baba, huku nina ndugu, tumegawana jina." Mzee akaliangalia jeneza. "Basi andika. Jina la mwanangu ni hilo lako."

Lazaro akawaza kama kanuni inaruhusu. Akaamua kwamba inaruhusu, na asiyekubali aje mwenyewe Endulen abishane na mzee.

"Na la ukoo?" akauliza kwa sauti ya chini.

Mzee akajigonga kifuani. "Hili langu."

Lazaro akaandika kwamba jina limethibitishwa, mzee akaweka dole gumba, na Lazaro Mdogo akazikwa alasiri hiyo kwao, karibu na zizi la baba yake.

Baada ya mazishi Lazaro alisimama peke yake kando ya gari, fomu imekunjwa vizuri mfukoni. Mama wa marehemu, Nashilu, alimnong'oneza Nashipai jambo kwa Kimaasai. Nashipai akamwendea Sajini.

"Mama anasema anataka uwe unakuja kumwona. Lakini jina lako hawezi kuliita. Amekupa jingine, la hapa nyumbani."

Kabla Lazaro hajauliza ni lipi, mama akaita kutoka mlangoni: "Saruni! Njoo unywe chai."

Lazaro akageuka kutazama nani anaitwa. Nyuma yake hapakuwa na mtu. Akavua kofia, akaenda kwa mama yake, akalia.