Vijiti vya Dende

Mti wa mpera ukikatwa mbichi una harufu ya ukali kidogo, kama majani ya chai kabla hayajakauka. Jumapili iliyopita niliisikia nikiwa nimejilaza kwenye kiti, viatu vingali miguuni, maana siku hizi nikishaupanda mlima wetu hapa Bukavu na ndoo ya maji, hata kuvua viatu ni kazi. Binti yangu alikuwa mlangoni akiwaandalia dende wake vijiti vya kutafuna. Ghafla nikauhisi uchovu wa mama yangu juu ya wangu.

Kama hukulelewa Kivu, nikwambie: dende ni yule mnyama mdogo asiye na mkia ambaye wengine humwita simbilisi. Kwetu mtoto hupewa dende kabla hajapewa kuku, ajifunze kutunza. Mimi niliambiwa wangu nisimpe jina, maana mwenye jina haliwi kwa raha. Nikampa. Nilimwita Madame, kwa jinsi alivyokula kwa kuchagua.

Kule kijijini Nyangezi, alikozaliwa Madame, dende waliishi jikoni, wakitafuna kuni mchana kutwa. Sisi mjini tulipikia makaa, na nyumba yetu ilikuwa ya mbao zilizopakwa oili chafu ya magari ili mchwa wasizile. Madame alipokosa kuni akauanza ukuta. Tumbo likavimba, akaacha kula, na meno ya mbele yakaanza kumzidi mdomo. Nililia kama niliyefiwa.

Koko, yaani bibi yangu mzaa mama, alikuwa amekuja kwetu mwezi ule. Alimshika Madame, akamfunua mdomo, akatikisa kichwa.

"Meno ya dende haina dimanche," akasema. "Inaota tu. Umutafutie miti ya kutafuna, kama hapana atakufa."

Alitaka kusema hayapumziki hata Jumapili. Na si mti wowote tu, akanieleza. Mvokado una sumu. Mkaratusi harufu yake inamuumiza. Usikate chochote karibu na shamba la nyanya lililopuliziwa dawa. Ukate mpera, unene wa kidole, uuoshe, uumwagie maji ya moto, uuanike juu ya bati ukauke kabisa. Hadi hapo ningeyafanya yote mwenyewe. Lakini Koko akaongeza sharti: ganda lazima likwanguliwe lote, polepole, na mama wa nyumba mwenyewe, akiwa amekaa chini na kunyoosha miguu.

"Akikwangua mwenye kusimama, dende anakufa," akasema, akinikazia macho.

Sasa, Maman hakuwa mtu wa kukaa. Alfajiri alikwenda sokoni Mudaka kuchukua mihogo, jioni akarudi akiupandisha mlima mzigo mgongoni, kamba imempita kwenye paji la uso. Aliutua, akashika ufagio. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mimi wa Maman hata sikuuona. Nilichoona ni Madame anayekufa.

Jioni ile ya kwanza Maman alimtazama Koko, kisha akaendelea kufagia.

"Maman, ukae!" nikapiga kelele. "Madame atakufa!"

Akakaa. Akaegemea ukuta, akanyoosha miguu, akaanza kukwangua kijiti kimoja. Hakukimaliza. Macho yalifumbika, kisu kikabaki kwenye kitenge. Nilipotaka kumwamsha, Koko alinifinya sikio, kisha akaenda kupika yeye.

Ikawa hivyo kila jioni. Niligeuka askari mkali. Maman akigusa tu ufagio, naanza kulia. Madame akapona, akazaa, nami nikatamba mtaa mzima kwamba nimemwokoa.

Ndiyo maana Jumapili ile nilimkaripia binti yangu.

"We! Mbona unaacha ganda?"

"Maman, ganda ndiyo wanapendaka. Angalia."

Akamtupia dende wake kijiti. Mnyama akaanza na ganda, akalichubua lote kwa raha zake, ndipo akaingia kwenye mti. Hata dende wa Nyangezi walitafuna kuni na maganda yake, na Koko alizaliwa kati yao.

Mwezi ule Madame alipougua, Maman alikuwa ametoka hospitalini, kule Ibanda. Sisi watoto tuliambiwa ni malaria. Nilikuwa mtu mzima nilipojua kwamba alikuwa amempoteza mtoto aliyekuwa tumboni, na kwamba alirudi kwenye mzigo hata kabla hajapata nguvu. Koko hakuja kwetu kutembea. Alikuja kumkalisha binti yake, na kwa kuwa binti yake hakukubali kukalishwa na mtu, alimtumia mtoto mwenye machozi ya karibu na dende mgonjwa.

Nikampigia Maman simu. Nikamwuliza kama alijua kwamba lile sharti lilikuwa la uongo. Akacheka taratibu, kicheko chake cha siku hizi kinachoishia kwenye kikohozi.

"Mimi nilikomaa na dende mu jikoni, nikose kujua? Nilijua siku ile ile. Lakini nilikuwa nachoka, mutoto wangu. Na hakuna mutu mwingine alikuwa ananiambia: ukae."

Nilipokata simu nikavua viatu, nikakaa chini na kunyoosha miguu. Kisha nikamwomba binti yangu aniletee kisu na vijiti vilivyobaki.